Breki ya mbele inalegea, kisha inang'ang'ania, tangu nibadilishe usukani wa Suzuki GN 125

Msafiri wa Soni anauliza:

Habari zenu wakubwa na ndugu zangu. Naomba msaada kuhusu breki ya mbele ya pikipiki yangu, Suzuki GN 125 ya zamani aliyoniachia mjomba, yenye diski mbele na ngoma nyuma. Naishi Soni, kwenye milima ya Usambara, na kila wiki nateremka Mombo nikiwa na mzigo wa mboga, kwa hiyo mtaelewa kwamba breki kwangu si jambo la kuahirisha.

Mwezi uliopita niliteleza kwenye tope nikiwa katika mwendo mdogo, nikaanguka, na usukani ukapinda upande wa kulia. Usukani wa asili wa pikipiki hii umeinuka na kurudi nyuma kumfuata mpandaji, lakini dukani nilipata ulionyooka tu, ambao uko chini kuliko ule wa zamani kwa takriban sentimita 9. Fundi aliufunga kwa nusu siku. Hakufungua paipu ya breki mahali popote, maana nilikuwa nimesimama pale pale. Alichofanya ni kulegeza kibano cha masta silinda, yaani ile pampu ya mkono wa breki yenye kikombe cha mafuta, kuivua kwenye usukani uliopinda, na kuiacha ining'inie kwa paipu yake ubavuni mwa tangi hadi usukani mpya ulipokaa sawa.

Tangu siku hiyo, nikivuta mkono wa breki mara ya kwanza unakwenda laini mpaka karibu uguse kishikio. Nikiuvuta mara mbili au tatu kwa haraka unapanda na kuwa mgumu, lakini nikiuacha kwa muda unarudi ulikokuwa. Fundi alibadilisha pedi, kisha akajaza mafuta ya breki hadi ukingoni mwa kikombe. Baada ya hapo likaongezeka tatizo la pili, tena la kutisha zaidi: nikiwa katikati ya mteremko, breki inaanza kushika yenyewe bila mimi kuigusa. Wiki iliyopita nilisimama, nikadondoshea diski tone la maji, likachemka na kutoweka papo hapo. Nilikaa kando ya barabara kama dakika 20 ndipo gurudumu likaachia. Pia taa ya breki sasa inawaka muda wote.

Fundi anasema masta silinda imekufa na ninunue nyingine. Kabla sijatoa fedha naomba kuelewa mambo mawili. Je, breki ambayo haikufunguliwa popote inaweza kuingiwa na hewa? Na inawezekanaje breki moja iwe imelegea na wakati huo huo inashika kupita kiasi?

Mpanda Milima wa Mbeya anajibu:

Pole sana ndugu yangu, na ninashukuru kwamba ulisimama kwa wakati. Mkono unaopanda ukiuvuta mara kadhaa na kushuka ukiuacha ni dalili ya hewa ndani ya mfumo. Mafuta hayabanwi, lakini hewa hubanwa, kwa hiyo nguvu ya vidole vyako inaishia kukikandamiza kiputo badala ya kuzisukuma pedi.

Mimi nilipata shida ya namna hiyo kwenye pikipiki yangu baada ya kuinua usukani, na nilifanikiwa kwa njia mbili. Kwanza, nilitumia bomba la sindano kubwa lisilo na sindano, nikaliunganisha kwa mpira mwembamba unaopitisha mwanga kwenye nipo (skrubu ndogo ya kutolea hewa) ya kalipa, kile kifaa kinachozibana pedi kwenye diski, nikayasukuma mafuta mapya kutoka chini kwenda juu. Hewa kwa asili hupanda, kwa hiyo ukiisukuma kuelekea juu unaisaidia kwenda inakotaka kwenda yenyewe. Pili, jioni niliuvuta mkono wa breki na kuufunga kwenye kishikio kwa kipande cha tyubu, nikauacha hivyo hadi asubuhi. Nilipoufungua ulikuwa mgumu. Kuhusu kushika kwa breki sina uzoefu wa kutosha, naomba mafundi walitolee maelezo.

Fundi wa Korogwe anajibu:

Kijana wangu wa Soni, nakuomba kabla ya jambo lolote usiteremke tena na mzigo hadi suala hili liishe. Nimefanya kazi ya pikipiki kwa miaka mingi chini ya milima hiyo hiyo, na breki inayojishika kwenye mteremko nimeiona ikimwangusha mtu.

Swali lako la kwanza lina jibu fupi: ndiyo, hewa inaweza kuingia bila bolti hata moja kuguswa. Chini ya kikombe cha mafuta kuna matundu mawili, moja kubwa kidogo la kuingizia mafuta kwenye silinda, na jingine dogo sana, mithili ya ncha ya pini, la kuyarudisha mafuta kikombeni mkono unapoachiwa. Masta silinda ikiwa wima matundu hayo yamefunikwa na mafuta wakati wote. Ikiachwa ining'inie kichwa chini au kwa ubavu kwa nusu siku, mafuta huhamia upande mmoja wa kikombe, matundu yakabaki hewani, na mtu akiugusa mkono hata mara moja tu, silinda inavuta hewa. Wewe mwenyewe umeeleza kwamba iliachwa ining'inie ubavuni mwa tangi. Hapo ndipo hewa ilipoingilia. Mafundi wengi hatukufundishwa jambo hili, ndiyo maana sipendi fundi wako alaumiwe kupita kiasi.

Kwa nini basi hewa hiyo haitoki? Litazame umbo la paipu yako. Ilitengenezwa kwa usukani ulioinuka, na sasa umeishusha masta silinda kwa sentimita 9 bila kuifupisha paipu. Urefu uliozidi lazima uende mahali, na kwa kawaida paipu hupanda kwanza ikajikunja kama nundu juu ya masta silinda, ndipo ikashuka kwenye shokapu. Hewa hukaa mahali palipo juu kuliko pote. Ukitoa upepo kwa kupampu mkono na kufungua nipo, mafuta yanakisukuma kiputo mpaka karibu na kilele cha nundu, mkono unapoachiwa kinarudi, na unaweza kumaliza chupa nzima ya mafuta huku kiputo kiko pale pale. Hata bomba la sindano alilolisifia ndugu yetu wa Mbeya, na hata kuufunga mkono usiku kucha, havitakusaidia kama nundu bado ipo, kwa sababu hewa inayopanda kutoka chini itafika kileleni na kukaa hapo. Njia zake ni nzuri, ila zinatakiwa zifuate baada ya paipu kurekebishwa.

Naongeza tahadhari moja kuhusu kusukuma mafuta kutoka chini. Katika pikipiki ya umri huo, chini ya kalipa huwa kuna tope jeusi la mafuta yaliyozeeka. Ukilisukuma kwenda juu unalipeleka moja kwa moja kwenye lile tundu dogo la masta silinda, nalo likiziba umejiongezea ugonjwa. Toa kwanza mafuta ya zamani kwa kuyashusha, mpaka yale yanayotoka kwenye nipo yawe safi, ndipo ugeuze.

Sasa nakuja kwenye swali la pili, ambalo kwa maoni yangu ndilo lenye hatari. Umetaja jambo dogo mwishoni mwa maelezo yako ambalo limenipa mwanga: taa ya breki inawaka muda wote. Swichi ya taa hiyo imekaa chini ya shina la mkono wa breki, na huzimika pale tu mkono unaporudi hadi mwisho. Kama swichi yenyewe ni nzima, basi mkono wako haurudi hadi mwisho. Unakosa pengine milimita 1 tu, lakini milimita hiyo moja inatosha kuiacha pistoni ya masta silinda ikiwa imeliziba lile tundu dogo. Matokeo yake ni haya: unapopampu, silinda inazidi kuingiza mafuta chini, ila hayapati njia ya kurudi. Ukiteremka, pedi zinapata moto, mafuta yanapata moto na kutanuka, na kwa kuwa njia ya kurudi imezibwa yanazisukuma pedi kwenye diski. Pedi zikisugua zinaongeza moto, na moto unaongeza mgandamizo. Ukikaa dakika 20 kila kitu kinapoa na gurudumu linaachia. Ndivyo breki moja inavyoweza kuwa laini kwa sababu ya hewa na bado ikang'ang'ania kwa sababu ya mafuta yaliyofungiwa. Na fundi alipojaza hadi ukingoni aliondoa hata ile nafasi ndogo ya mafuta kutanukia.

Nini kinauzuia mkono usirudi? Usukani ulionyooka mara nyingi una sehemu fupi ya kufungia vifaa, hivyo masta silinda hubanwa ikasogea hadi kugusana na kisanduku cha waya wa aksileta. Pangusa vumbi mahali hapo, washa tochi, na ulitazame shina la mkono upande unaoelekea kishikio. Kama linagusa, utaona mstari unaong'aa ambapo rangi imelika.

Thibitisha kwa majaribio mawili. La kwanza, weka kikombe sawa, funika tangi kwa kitambaa kilicholowa maji, fungua kifuniko, kisha vuta mkono polepole sana huku ukitazama kwa upande wala si kwa juu, maana mafuta yale yakiingia machoni yanaunguza. Mwanzoni kabisa mwa mvuto unatakiwa uone mafuta yakibubujika kidogo juu ya tundu dogo. Usipoona kitu, tundu limezibwa, ama na pistoni au na uchafu. La pili ni la siku ambayo gurudumu limeshika: weka chombo chini ya nipo na uilegeze kwa spana namba 8. Mafuta yakiruka na gurudumu likaachia, mgandamizo umefungiwa kutoka juu. Mafuta yasiporuka na gurudumu likabaki limeshika, basi pistoni ya kalipa ndiyo iliyokwama kwa kutu, na hiyo ni kazi nyingine.

Muuza Spea wa Tanga anajibu:

Fundi wetu amelieleza vizuri, nami nitaongezea upande wa vifaa, kwa kuwa kila siku nawaona wateja wakinunua wasichokihitaji.

Kaka, usinunue masta silinda kwa sasa. Ukiwa na ulazima wa kuinunua baadaye, hakikisha kipenyo cha pistoni yake kinalingana na cha zamani. Masta silinda yenye pistoni nene zaidi huufanya mkono uwe mgumu na wa kuridhisha ukiwa umesimama dukani, lakini barabarani utalazimika kuvuta kwa nguvu nyingi zaidi ili kupata breki ile ile. Wengi hudanganyika na ugumu huo.

Fedha hizo ziwekeze kwenye paipu. Pikipiki ya umri huo, kama paipu yake ya mpira haijawahi kubadilishwa, imechoka kwa ndani hata kama kwa nje inapendeza. Mwombe mtu avute mkono kwa nguvu huku wewe umeishika paipu kwa vidole. Ukihisi inavimba, imekwisha. Kuna nyingine ambazo tabaka la ndani limebanduka na kuwa kama mlango wa upande mmoja, zinazopitisha mafuta kwenda chini na kuyazuia kurudi, na dalili yake ni hiyo hiyo ya breki kushika yenyewe. Unapopima paipu mpya, usipime pikipiki ikiwa imekaa chini kwa uzito wake. Inua gurudumu la mbele ili shokapu zinyooke hadi mwisho, kata usukani wote kushoto, kisha wote kulia, na uchukue urefu unaotosha katika hali zote bila kuvutika na bila kubakiza nundu.

Kila unapofungua ile bolti yenye tundu inayoishika paipu, ambayo mafundi huiita banjo, weka washa mpya za shaba, moja kila upande wa jicho la paipu. Washa ya zamani ukiitazama kwa karibu utaona imechimbika mfereji wa duara, na mfereji huo hautakaa tena mahali pake ulipokuwa. Ni kitu cha bei ndogo sana. Usilazimishe bolti isiyoingia kwa vidole: zipo za milimita 10 zenye meno ya hatua ya 1.25 na nyingine zenye hatua ya 1.0, nazo kwa macho zinafanana.

Kuhusu mafuta, soma maandishi kwenye kifuniko cha kikombe. Yakisema DOT 3 au DOT 4, tumia hayo. DOT 5 imetengenezwa kwa silikoni na haichanganyiki nayo. DOT 4 ikiwa mpya haichemki chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini ikishanyonya maji kutoka hewani kiwango chake kinaweza kushuka hadi nyuzi 155. Kwa mtu anayeteremka Mombo na mzigo, tofauti hiyo ni kubwa. Nunua chupa ndogo iliyofungwa kwa lakiri yake, na itakayobaki ikiwa imefunguliwa kwa miezi usiitumie kwenye breki. Nawasihi pia wote wanaosoma hapa: mafuta ya injini na ya gia yasiguse breki kamwe, maana huvimbisha mipira ya ndani na kuharibu masta silinda na kalipa kwa pamoja.

Msafiri wa Soni anarejea:

Shikamoo Mzee wa Korogwe. Dada wa Tanga na kaka wa Mbeya, nawashukuru sana. Nimechelewa kurejea kwa sababu nilitaka nifanye kwanza.

Mstari unaong'aa upo, Mzee. Nilipopangusa vumbi niliuona kwenye shina la mkono, una urefu kama wa kucha ya kidole kidogo, na kwenye kisanduku cha aksileta kuna alama inayolingana nao. Nilifungua kifuniko na kuvuta mkono polepole kama ulivyoelekeza, mafuta hayakububujika hata kidogo. Nililegeza kibano, nikasogeza masta silinda kuelekea katikati kwa milimita 4 au 5, na kabla sijakaza bolti taa ya breki ikazimika yenyewe. Nilivuta tena, na safari hii nikaona mafuta yakitibuka juu ya tundu kama chemchemi ndogo. Kwa kweli niliita watu wa nyumbani waje kutazama.

Nundu nayo ilikuwapo, imepanda juu ya masta silinda kwa upana wa vidole vitatu. Sijapata paipu fupi, kwa hiyo nililegeza banjo, nikaigeuza paipu itoke ikielekea chini, nikaipitisha nyuma ya taa badala ya mbele, na nikaweka washa mpya za shaba. Sasa hakuna sehemu ya paipu iliyo juu kuliko masta silinda, na nimekata usukani pande zote mbili bila kuona ikivutika. Nilitoa mafuta ya zamani kwa kuyashusha, yalikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyokolea, kisha nikasukuma mapya kutoka chini kwa bomba la sindano. Viputo vilitokea kikombeni, kwanza vikubwa, kisha vidogo kama punje za ulezi, vikakoma. Nilipunguza mafuta hadi kwenye alama ya juu ya kikombe.

Mkono sasa unasimama katikati ya safari yake tangu mvuto wa kwanza. Hata hivyo bado nauhisi ulaini mdogo mwishoni, hauko kama jiwe. Leo nimepanda bila mzigo hadi Lushoto na kurudi Soni, breki haikushika na diski ilikuwa na joto la kawaida. Je, ulaini huo niuache?

Fundi wa Korogwe anajibu:

Marahaba kijana wangu, umefanya kazi ya uangalifu na umenifurahisha.

Ulaini huo usiuache. Kiputo kilichobaki huenda kiko kwenye banjo, kwa kuwa usukani ulionyooka huilaza masta silinda kwa namna inayoliinua jicho la paipu. Simamisha pikipiki kwa stendi ya pembeni ili ilalie kushoto, kata usukani wote kushoto, na uhakikishe kikombe kimekuwa juu kuliko banjo. Kisha gusa mkono wa breki kwa safari fupi za milimita chache, mara nyingi, huku ukiigonga paipu taratibu kwa mpini wa bisibisi. Sasa ndipo ushauri wa ndugu yetu wa Mbeya unapofaa: ufunge mkono kwa kipande cha tyubu, ulale, na asubuhi uachie ukiwa unatazama kikombeni. Kama asubuhi bado ni laini, basi ni paipu inayovimba, na itakubidi umfuate dada wa Tanga.

Angalia na nyaya za klachi na aksileta, kwani nazo sasa ni ndefu. Injini ikiwa inanguruma taratibu, kata usukani wote kushoto na kulia; sauti ikipanda, waya wa aksileta umebanwa mahali fulani, upitishe upya. Kwa siku tatu za mwanzo, kila asubuhi zungushia karatasi ya shashi kwenye banjo zote mbili, juu na chini, ukaikague ikiwa na hata doa la unyevu. Mzigo wa kwanza utakaoteremsha uwe nusu ya ule wa kawaida, shuka kwa gia ya pili, na usimame katikati ya njia uliguse gurudumu kwa mkono kama linazunguka huru. Ukifika Mombo salama, tuandikie.